Je, kumpaka mtoto mafuta kila siku kunamkinga na pumu ya ngozi?

Swali hili nakutana nalo kliniki mara kwa mara, na mara nyingi anayeuliza ni bibi aliyemsindikiza mama: "Daktari, kaka yake alisumbuliwa sana na pumu ya ngozi. Huyu mdogo tumpake nini mapema?"

Humjibu hivi: ngozi ikikauka, mpakeni. Akianza kuwashwa, mleteni atibiwe. Ila msitoe hela nyingi kununua kopo la bei mbaya mkiamini ndiyo kinga.

Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi, huongeza sana uwezekano wa kupata pumu ya ngozi. Ngozi dhaifu hupoteza maji na kupitisha viwasho. Basi tuizibe mapema kwa mafuta, si ndiyo? Mwaka 2014 tafiti mbili ndogo, moja ya Japani na nyingine ya Uingereza na Marekani, zilileta matokeo ya kutia moyo.

Kisha ukaja utafiti wa BEEP wa Uingereza, uliochapishwa 2020. Watoto wachanga 1,394 kutoka familia zenye pumu ya kifua, mzio au pumu ya ngozi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipakwa kila siku mwaka mzima wa kwanza, lingine likapata malezi ya kawaida ya ngozi. Walipofika miaka miwili, waliokuwa na pumu ya ngozi walikuwa asilimia 23 kwa waliopakwa na 25 kwa wenzao, yaani hakuna tofauti ya maana. Utafiti mkubwa wa Norway na Sweden uliotoka mwaka huohuo nao haukuona kinga.

Mwaka 2025 mambo yakachanganyika. Utafiti wa Marekani wa watoto 1,247, ambao hawakuchaguliwa kwa historia ya familia, ulikuta pumu ya ngozi kwa asilimia 36 ya waliopakwa na 43 ya wasioelekezwa kupaka. Tofauti hiyo siidharau. Lakini faida ilionekana zaidi kwa watoto wasio na historia ya mzio katika familia, wakati bibi ananiuliza kuhusu mtoto mwenye historia hiyo. Kwa huyo, bado nauamini zaidi utafiti wa BEEP.

Kuna jambo jingine katika BEEP ambalo halisemwi sana: waliopakwa walipata maambukizi ya ngozi mara nyingi kidogo kuliko wenzao. Hapo mimi hutazama kopo. Mafuta ya mgando ya familia moja, vidole vya watu watano, nywele moja imenasa pembeni na chembe za unga juu. Chota kwa kijiko safi, weka kiganjani, funga kopo. Na nawa mikono kwanza, hasa ukitoka kutwanga karanga au kuvunja mayai, usije ukampaka chembe zake. Uchambuzi mmoja wa Uingereza wa 2021 ulihusisha kupaka mara nyingi na mzio wa chakula. Haujathibitisha kwamba mafuta ndiyo chanzo, ila kunawa hakugharimu kitu.

Aina ya mafuta? Ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, ni ya bei nafuu na hayana mambo mengi. Ya zaituni siyapendi kwa mtoto mchanga kwa sababu asidi ya oleiki iliyomo hulegeza tabaka la ngozi. Na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, ukimpaka mazito mwili mzima kisha ukamfunika kwa blanketi, unamwalika harara. Mtoto wa Njombe kwenye baridi kavu anayahitaji zaidi.

Ugonjwa ukishaanza, habari ni nyingine: hapo mafuta ni sehemu ya tiba, yanapakwa kwa wingi kila siku. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Tazama mashavu yaliyofifia au kuwa ya kijivu, vipele vidogo vinavyokwaruza mkono, mtoto anayejisugua uso kwenye shuka usiku. Wengi huhitaji pia krimu ya haidrokotisoni, steroidi isiyo kali inayotuliza ngozi, kwa siku chache, na wazazi huiogopa kwa sababu wamesikia ya mkorogo. Woga huo unaeleweka, maana baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi kali kweli. Basi ya mtoto itoke kwa daktari, isitoke kwenye meza ya vipodozi ya shangazi.

Ukiona magamba ya njano, majimaji, au vidonda vidogo vya duara vinavyosambaa haraka huku mtoto ana homa, usiongeze mafuta. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.