Baridi ya Mbeya haikukingi na jua

Mwezi Julai hapa Mbeya watu hushinda na makoti, na nikimwambia mgonjwa avae kofia pana, huniuliza: "Daktari, jua gani hili?" Nami hupata wasiwasi, kwa sababu ngozi nyingi huharibika katika siku hizohizo.

Joto na mionzi inayodhuru ngozi ni vitu viwili. Mionzi ya urujuanimno huioni wala huihisi, na ubaridi wa hewa hauizuii hata kidogo. Kinachoichuja ni anga, na ukipanda mlima unaiacha chini sehemu ya chujio hilo: kila mita 1,000 mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa juu wa Kitulo unapita 2,600. Mbingu ikiwa wazi, mama anayepalilia viazi pembeni mwa Kitulo akiwa na sweta hupigwa na mionzi mikali kuliko mvuvi wa Bagamoyo anayetokwa jasho saa ileile. Wingu jepesi nalo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Aina moja ya mionzi hiyo, UVB, huunguza tabaka la juu na kuharibu vinasaba vya seli. Uharibifu ukilimbikizana kwa miaka, saratani inaweza kuanza. Nyingine, UVA, huzama zaidi, huleta makunyanzi, na hupenya kioo cha dirisha. Ndiyo maana shavu la kulia la dereva wa malori ya Tunduma linaweza kuzeeka kabla ya la kushoto.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ambayo hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwamvuli. Inatukinga sana, ila haizuii mabaka usoni, wala haiyaondolei macho hatari ya mtoto wa jicho. Anayejipaka mkorogo anaibomoa kinga hiyo kwa mkono wake, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Ila ninaowawazia zaidi ni watoto wenye ualbino. Wao melanini wanayo kidogo mno au hawana kabisa, na saratani ya ngozi inaweza kuwapata wakiwa bado vijana. Huanza kama gamba gumu au kidonda kwenye sikio, shingo au mdomo wa chini. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi mmoja kionwe na daktari; kikiwahiwa, mara nyingi hukatwa kikaisha.

Kinga ya kwanza ni nguo: mikono mirefu, kitambaa kilichoshonana, kofia yenye ukingo unaofunika masikio na shingo. Kisha kivuli, hasa saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Losheni ya jua iwe ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, ipakwe kwa wingi, irudiwe kila saa mbili. Vaselini na mafuta ya nazi hulainisha tu. Kwa wenye ualbino ipo losheni ya Kilisun, iliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Ulizieni kliniki ya ngozi au chama chao.

Walimu wa Makete, Njombe na Mufindi, nawaombeni: mtoto mwenye ualbino avae kofia na mikono mirefu hata kama si sare, aketi mbali na dirisha lenye jua, na paredi ya mchana asimamie kivulini.