Dam: pumzi isiyokatika katika muziki wa duduki

Duduki, ala ya kupuliza ya Waarmenia, kwa kawaida hulia mbili pamoja. Moja huimba. Nyingine hukaa kwenye noti moja, mara nyingi ile ambayo wimbo huishia, wala haiachi. Hiyo ndiyo dam, na mpigaji wake huitwa damkash. Kwa Kiajemi, dam ni pumzi.

Duduki ni bomba la mti wa aprikoti, lenye urefu wa kama sentimita 28 hadi 40. Zumari ya pwani yetu hutanuka kuelekea mwishoni, ndiyo maana hulia kwa ukali na kusikika mbali. Tundu la duduki lina upana uleule toka juu hadi chini, na ulimi wake wa tete, ghamish, ni mpana. Sauti hutoka ya chini na ya joto, karibu na ya mtu anayeimba kwa kujizuia. Haivuki sana oktava moja, yaani noti nane za ngazi ya muziki.

Huzuni yake hujengwa hapo penye nafasi finyu. Mpigaji wa wimbo huziba tundu nusu na kulegeza midomo, noti ikashuka kidogo chini ya dam. Sauti mbili zinakwaruzana, kisha ile ya chini inapanda polepole mpaka zinaungana. Ondoa dam, na mkwaruzo huo unapotea wote. Sikio halina tena pa kuipimia noti.

Kwa hiyo kazi ya damkash si ndogo hata chembe. Hujaza mashavu hewa, huisukuma kwa misuli ya mashavu huku akivuta nyingine puani, kisha hurudi kupuliza kwa mapafu. Kosa la kawaida ni sauti kuruka pale anapobadili, kwa sababu mashavu yamekamuliwa ghafla. Dawa yake ni kujizoeza kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji: mapovu yasikatike.

Kabla ya kupiga, ghamish hutiwa matone ya maji, yakamwagwa, ikaachwa dakika 10 hadi 20 ifunguke. Ikifunguka mno, hula pumzi nyingi na sauti hushuka. Ikibana, sauti hupanda au hukataa kabisa kutoka. Pete iliyofungwa katikati yake hurekebisha hilo. Duduki mbili zikitofautiana hapa, dam na wimbo havitaungana hata wapigaji wawe hodari vipi. Wakimaliza, ghamish hurudishiwa kibanio chake ikauke ikiwa imefumba.