Sikukuu ya mwezi ya Wachina haikuanzia kwenye vita

Kuna stori inazunguka sana kwamba Wachina wanasherehekea ile sikukuu ya katikati ya vuli kwa sababu waasi walificha vikaratasi ndani ya keki za mwezi wakapanga kuwaangusha Wamongolia waliokuwa wanaitawala China, eti ndo mwanzo wa sikukuu. Hapana jamani, si kweli.

Utawala wa Wamongolia uliondolewa Beijing mwaka 1368. Sasa mshairi Su Shi aliandika shairi usiku wa sikukuu hiyohiyo mwaka 1076, anautazama mwezi huku amemmiss mdogo wake, yani karibu miaka 300 kabla! Na kabla yake wafalme wa kale walishakuwa wanautolea mwezi sadaka kipindi cha vuli, mavuno yakiwa yameingia. Hiyo ya vikaratasi ni hadithi tu ya kusimuliana, ushahidi wa zama zile haupo.

Alafu tarehe: ni siku ya 15 ya mwezi wa nane, ila wa kalenda ya mwezi mwandamo, usidhani ni Agosti, inaangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba (2025 ilikuwa Oktoba 6).

Kinachofanyika ni familia kukutana, wanakaa nje mwezi ukiwa mpevu, wanakula mabalungi na keki zenye mbegu za yungiyungi zilizosagwa na kiini cha yai la bata la chumvi, wanakata vipande ili kila mtu apate, watoto wanabeba taa na kusimuliwa habari za Chang'e, mungu wa kike anayeishi mwezini.