Fiamē Naomi Mata'afa wa Samoa: yanayosemwa na yaliyotokea

Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania Machi 2021, na wiki chache baadaye habari za mwanamke mwingine aliyefika kileleni, safari hii kama Waziri Mkuu, zikatoka Samoa, nchi ya visiwa vya Pasifiki. Wengi wetu tulimjua Fiamē Naomi Mata'afa hapo, kwa picha ya kiapo kilicholiwa ndani ya hema. Tangu hapo maisha yake ya siasa yanasimuliwa kwa mkato, na mkato huo unamnyima haki.

Dhana: alirithi kiti cha baba yake

Ni kweli baba yake, Fiamē Mata'afa Faumuina Mulinu'u II, alikuwa Waziri Mkuu Samoa ilipopata uhuru mwaka 1962. Alifariki mwaka 1975 akiwa bado madarakani, na kati ya kifo hicho na kiapo cha binti yake imepita miaka 46. Hapakuwa na kiti kilichokuwa kikimsubiri.

Alichokifuatilia kwanza ni jina la ukoo. Fiamē ni cheo cha matai, yaani mkuu wa ukoo, na bila umatai huruhusiwi kugombea ubunge Samoa. Wapo ndugu waliompinga: alikuwa binti, kijana, tena hajaolewa. Shauri likafika katika mahakama ya ardhi na vyeo vya kimila, naye akapewa cheo hicho akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Mwaka 1985 alichaguliwa mbunge wa jimbo la Lotofaga. Wakati huo hata wapiga kura walikuwa matai peke yao; haki ya kupiga kura ilifunguliwa kwa kila mwenye umri wa miaka 21 baada ya kura ya maoni ya mwaka 1990. Ukoo ulimfungulia mlango, hilo silikatai, lakini hata mlango huo aliupata kwa kesi.

Dhana: alikuwa mpinzani aliyeibuka ghafla

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana linafuta kazi ya miaka 30. Mwaka 1991 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Samoa, chini ya chama tawala cha HRPP (Human Rights Protection Party). Akashika elimu hadi 2006, kisha wizara ya wanawake na maendeleo ya jamii, kisha sheria. Mwaka 2016 akawa naibu wa Waziri Mkuu Tuilaepa Sailele Malielegaoi, aliyekuwa ameshika nchi tangu 1998. Yaani alitoka jikoni kabisa mwa serikali aliyokuja kuiangusha.

Alijiuzulu Septemba 2020 kwa sababu ya miswada mitatu iliyoitenga mahakama ya ardhi na vyeo na usimamizi wa Mahakama Kuu. Kwa watu ambao sehemu kubwa ya ardhi yao ni ya kimila, mahakama hiyo inagusa kila familia, na yeye mwenyewe alishapita mbele yake. Kuacha unaibu waziri mkuu miezi michache kabla ya uchaguzi, wakati chama chako kinashikilia karibu bunge zima, kunahitaji moyo.

Wala FAST, chama cha upinzani alichohamia na kuingia nacho madarakani, hakukianzisha yeye. Kiliasisiwa na La'auli Leuatea Schmidt, na Fiamē akachaguliwa kukiongoza mwanzoni mwa 2021. Ukilisahau jambo hili, hutaelewa yaliyomkuta 2025.

Dhana: aliingia madarakani kwa mapinduzi ya hemani

Uchaguzi wa tarehe 9 Aprili 2021 ulizipa HRPP na FAST viti 25 kila upande, na mgombea binafsi mmoja. Kabla huyo hajajiunga na FAST, tume ya uchaguzi ilitangaza kiti cha ziada cha mwanamke kwa HRPP, kwa hoja ya sheria ya kuhakikisha asilimia 10 ya wabunge ni wanawake. Kisha Mkuu wa Nchi, ambaye Samoa si Waziri Mkuu, akaitisha uchaguzi mpya. Mahakama Kuu ilitengua yote mawili. Baadaye Mahakama ya Rufaa ilifafanua kwamba idadi ya chini ya wanawake ni sita kweli, ila viti hivyo hujazwa baada ya kesi za uchaguzi na chaguzi ndogo kumalizika.

Katiba inataka bunge likutane ndani ya siku 45. Siku ya mwisho ilikuwa 24 Mei. Mahakama iliamuru lifunguliwe. Jaji Mkuu akafika na joho lake na kukuta milango imefungwa. Ndipo FAST wakaapishana kwenye hema uwanjani, Fiamē akiwa Waziri Mkuu. Tarehe 23 Julai Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kiapo kile kilikuwa halali, na kwamba serikali ya Fiamē ilikuwapo tangu siku hiyo.

Dhana: alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza taifa la visiwa vya Pasifiki

Hapana. Hilda Heine alishakuwa rais wa Visiwa vya Marshall mwaka 2016. Fiamē ni wa kwanza kwa Samoa.

Dhana: aliivunjia China urafiki

Alifuta mradi wa bandari ya Vaiusu uliokuwa utegemee fedha za China, kwa kuona ni mzigo kwa nchi ndogo yenye deni kubwa tayari. Lakini Mei 2022 alimpokea waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, katika mji mkuu, Apia. Alichokikataa ni kuharakishwa kutia saini mkataba wa kanda nzima ambao nchi za visiwa hazijakaa kuujadili.

Dhana: HRPP ndiyo iliyomwondoa

Aliondolewa na mgawanyiko wa chama chake. Januari 2025 alimfukuza La'auli uwaziri baada ya kushtakiwa kwa makosa ya jinai na kukataa kukaa pembeni. FAST wakamfukuza yeye uanachama. Akavuka kura mbili za kutokuwa na imani, kisha bajeti yake ikakataliwa bungeni mwezi Mei, naye akachagua bunge livunjwe. Katika uchaguzi wa Agosti FAST ilipata viti 30 kati ya 51, na chama chake kipya, Samoa Uniting Party, vitatu. Kimoja kati ya hivyo ni cha Lotofaga, alikochaguliwa yeye mwenyewe tena kuwa mbunge.