Anwani chini ya jina: dhana potofu kuhusu barua za mashabiki katika majarida ya zamani ya katuni

Fungua jarida la katuni la Fantastic Four, toleo la 20, la Novemba 1963, uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa barua. Utakuta barua ya kijana wa miaka 14 kutoka Bayonne, New Jersey, akilisifu toleo la 17. Jina lililochapishwa ni George R. Martin. Ndiye huyu huyu George R. R. Martin ambaye riwaya zake zilizaa tamthilia ya Game of Thrones. Barua kama hii zipo nyingi katika katuni za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, na kila inapoibuka moja, maelezo yaleyale yasiyo sahihi huibuka nayo.

Dhana: Barua nzuri ndiyo iliyompatia shabiki kazi.

Hakuna mhariri aliyeajiri mtu kwa sababu ya aya tatu za sifa. Mfano bora ni Roy Thomas, mwalimu wa shule huko Missouri aliyewaandikia wahariri na waandishi kwa miaka. Mwaka 1965 alihamia New York kufanya kazi katika kampuni ya katuni ya DC chini ya mhariri Mort Weisinger, akadumu siku chache tu. Akiwa huko alimwandikia Stan Lee, mhariri wa Marvel, kampuni pinzani iliyotoa Fantastic Four. Kwa kweli Lee alishalijua jina lake, lakini hata hivyo alimpa mtihani: kurasa nne za michoro ya Jack Kirby kutoka Fantastic Four Annual toleo la 2, maneno yote yakiwa yamefutwa.

Mtihani huo unaeleweka ukijua jinsi Marvel ilivyofanya kazi. Mwandishi alitoa muhtasari wa kisa, mchoraji akachora kurasa zote, kisha mwandishi akarudi kujaza mazungumzo. Kwa hiyo mwombaji alitazama nyuso na ngumi, akaamua nani anasema nini, na kwa maneno machache kiasi gani ili viputo vya maneno visimfunike mhusika. Ukurasa wa barua haukumfundisha mtu hilo. Denny O'Neil alifanya mtihani huo huo na akaajiriwa, naye alikuwa mwandishi wa gazeti, hakuwa na sifa yoyote ya kuandika barua za ushabiki.

Jim Shooter wa Pittsburgh huhesabiwa mara kwa mara miongoni mwa "walioandika barua wakaajiriwa". Alichotuma DC mwaka 1965, akiwa na miaka 13, kilikuwa hadithi kamili, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na michoro ya mpangilio. Weisinger aliinunua kazi. Hadithi yake ya kwanza ilitoka Adventure Comics toleo la 346, Julai 1966.

Dhana: Basi barua hizo hazikuwa na athari yoyote.

Hapa watu hukosea upande wa pili, na hapa ndipo penye utamu wa historia hii. Athari haikuwa ndani ya barua, ilikuwa kwenye mistari miwili chini yake: jina kamili, mtaa, namba ya nyumba na mji.

Julius Schwartz wa DC ndiye aliyeanza kuchapisha anwani kamili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alijua anachokifanya. Yeye mwenyewe alikuwa shabiki wa hadithi za kisayansi, na mwaka 1932 alishiriki kutoa jarida la mashabiki liitwalo The Time Traveller. Kizazi chake kilikutana kupitia barua za Amazing Stories, jarida lililoanzishwa na Hugo Gernsback mwaka 1926, ambalo lilichapisha anwani za wasomaji. Jerry Siegel, mmoja wa waumbaji wa Superman, naye aliandika barua humo. Kwa maana hiyo desturi hii ya kuchapisha anwani ni kubwa kwa umri kuliko katuni za mashujaa zenyewe.

Fikiria hali ya shabiki wa wakati ule. Hakuna simu ya bei nafuu, hakuna intaneti, na shuleni kwake huenda hakuna mwingine anayesoma anachosoma yeye. Anwani yake ikichapishwa, ndani ya wiki chache bahasha za wageni zinaanza kuingia mlangoni. Ndivyo ilivyomtokea Martin: mashabiki waliosoma barua zake walimwandikia, akajikuta anatunga hadithi kwa ajili ya majarida yao. Mwaka 1964 mashabiki walipokutana New York kwenye kongamano la mwanzo kabisa la katuni, yeye ndiye aliyenunua tiketi ya kwanza.

Majarida hayo ya mashabiki ndiyo yaliyokuwa shule. Thomas na Jerry Bails, mhadhiri wa Detroit, walianza Alter Ego mwaka 1961. Walijuana kwa sababu Thomas alimwandikia mwandishi Gardner Fox akitafuta matoleo ya zamani ya All-Star Comics, na Fox akamwelekeza kwa Bails, aliyekuwa ameshayanunua. Ukitoa jarida lako mwenyewe unajifunza kuandika kwa tarehe ya mwisho, kuhariri kazi ya mwenzio, kupanga ukurasa, kuchapa, kubandika stempu. Mtu aliyepitia hayo miaka mitatu au minne anapobisha hodi ofisini, anabisha akiwa na kazi mkononi.

Dhana: Wachapishaji waliweka kurasa za barua kwa mapenzi tu kwa wasomaji.

Mapenzi yalikuwepo, lakini posta ilikuwepo kwanza. Majarida yaliyotumwa kwa wanunuzi wa kila mwezi yalipata nauli nafuu ya daraja la pili, na ili kuipata ilibidi yawe na kurasa za maandishi, kwa kawaida mbili. Ndiyo maana katuni za miaka ya 1940 zina kisa kifupi cha maneno matupu ambacho watoto wengi walikiruka. Kazi ya kwanza ya Stan Lee kuchapishwa, Captain America Comics toleo la 3 la Mei 1941, ilikuwa kisa cha aina hiyo. Mwandishi wa kisa hulipwa. Barua huja bure, na stempu amenunua msomaji.

Dhana: Stan Lee ndiye aliyebuni ukurasa wa barua.

Hapana. Kampuni ya EC ilikuwa na kurasa hizo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Superman ilianza yake toleo la 124, Septemba 1958. Fantastic Four ilianza toleo la 3, mwaka 1962. Alichobadilisha Lee ni sauti ya majibu: akajibu kama rafiki, na akawaomba wasomaji waache kuanza na "Mhariri Mpendwa", wawataje yeye na Kirby kwa majina.

Dhana: Kila barua ni ya msomaji wa kweli.

Katika ukurasa ule wa kwanza wa Fantastic Four kuna barua ya "S. Brodsky" wa Brooklyn. Sol Brodsky alikuwa mtu wa uzalishaji wa Marvel. Ukurasa mpya hauna barua za kutosha, basi mtu wa ofisini anaandika. Isitoshe, wahariri walifupisha barua ili zienee, hivyo usiichukulie kila sentensi kama ilivyotoka mkononi mwa mwandishi.

Dhana: Ulikuwa ulimwengu wa wavulana.

Irene Vartanoff aliandika barua nyingi kuliko wanaume wengi, kisha akafanya kazi Marvel na DC. Jo Duffy alitoka kwenye barua akawa mhariri na mwandishi Marvel. Wendy Fletcher, msichana wa California, barua yake ilichapishwa Silver Surfer toleo la 5, 1969. Richard Pini, mwanafunzi wa MIT, aliisoma, akamwandikia. Walioana 1972, na mwaka 1978 wakaanza kutoa ElfQuest, katuni waliyoimiliki wenyewe. Anwani tena.

Dhana: Jina likifanana, basi ni yeye.

Hapa makosa ni mengi, na ni rahisi kuyaepuka. Jina kama la mwandishi na mchoraji wa katuni Frank Miller lina wenyewe wengi Marekani, kwa hiyo anza na mji: je, mtu huyo aliishi hapo mwaka huo? Kisha umri, na hapa angalia tarehe. Tarehe ya jaladani huwa miezi miwili hadi mitatu baada ya siku halisi ya kuuzwa. Toleo la 20 la Fantastic Four lina Novemba jaladani lakini liliuzwa Agosti. Martin alizaliwa Septemba 1948, hivyo ukihesabu kwa jalada utampa miaka 15 wakati alikuwa na 14. Barua ya jarida la kila mwezi kwa kawaida huzungumzia toleo lililotoka matoleo matatu hivi nyuma. Kwa wanawake tafuta pia jina la kabla ya ndoa: ukitafuta "Pini" mwaka 1969 hutapata kitu.

Usitegemee matoleo yaliyochapishwa upya. Mengi huacha kurasa za barua na matangazo. Vitabu vikubwa vya Omnibus vya Marvel mara nyingi huwa nazo, na Grand Comics Database mtandaoni huorodhesha waandishi wa barua kwa matoleo mengi, ingawa si yote.

Ukilipata jarida lenyewe, kumbuka ni karatasi ya gazeti yenye asidi, imekauka, na huchanika kwanza pale kwenye pini. Osha mikono, ikauke kabisa. Laza jarida mezani, lifungue nusu tu, kama pembe mraba, huku kiganja kikiegemeza jalada. Usilibonyeze kwenye skana. Piga picha kutoka juu kwa mwanga wa dirishani bila flashi, na ukurasa wa barua ukiwa ni ule wa katikati kabisa, usiuvute hata kidogo, maana unashikiliwa na matundu mawili tu.