Kongosho halivimbi kwa mbege pekee

Hapa Moshi ukisema fulani ana uvimbe wa kongosho, yaani kuvimba kwa tezi iliyo nyuma ya tumbo, swali ni moja tu: alikuwa anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kiasi gani? Anaulizwa hata mlokole asiyewahi kushika kata.

Pombe huchangia kweli, pamoja na vijiwe vya nyongo. Lakini hata dawa huweza kuliunguza kongosho. Chukua mtoto mwenye selimundu aliyepandikizwa seli shina (seli za kutengeneza damu) za ndugu yake, tiba inayotolewa siku hizi hata Dodoma. Hupewa dawa za kutuliza kinga, mfano saiklosporini au takrolimasi, ili seli hizo ngeni zisiushambulie mwili wake. Mara chache, dawa za kundi hili huhusishwa na uvimbe huo. Kumkamata mhalifu si rahisi: virusi, vijiwe, hata shambulio la seli zenyewe huleta maumivu yaleyale ya juu ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni. Daktari hupima kwenye damu lipesi, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho. Ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, shaka kwamba kongosho limevimba huwa kubwa.

Mgonjwa asiache dawa mwenyewe. Kubadilisha ni kazi ya daktari, maana zikikatwa ghafla seli ngeni zinaweza kuamka.