Maswali na majibu: mgonjwa wa akili akizidiwa ugenini Marekani, tumwite nani?

Kuzidiwa ni kufikaje?
Ni pale mgonjwa anaposhindwa kujilinda au anapoweza kuwadhuru wengine. Dalili hutangulia: halali usiku kucha, anajibizana na sauti msizozisikia, anasusa chakula akidai kimetiwa sumu.

Tusubiri, huenda yatapita?
Hapana. Katika kazi yangu ya kuwahudumia wagonjwa hawa, wengi ninaowapokea wameletwa baada ya majuma kadhaa ya kufichwa, na juzi nilimwosha kijana ambaye viganja vyake vilikuwa vimevimba kwa kamba aliyofungwa na ndugu zake, watu wanaompenda.

Hata kama tunamwombea?
Hata hivyo, msisubiri. Ombeni, lakini simu iwe imeshapigwa.

Tupige wapi?
Pigeni 988, namba ya msaada kwa waliozidiwa kiakili au wanaotaka kujiua, iliyoanza kutumika Julai 2022. Ni bure, hupokelewa saa zote, na mkitaja neno "Swahili" mtatafutiwa mkalimani. Tafadhali msimkabidhi mtoto simu ili atafsiri habari za baba yake anayetaka kujiua. Mzigo huo si wake.

Watakuja polisi?
Mara nyingi mazungumzo ya simu hutosha. Mjini Denver, tangu Juni 2020, gari la mpango uitwao STAR humpeleka mtaalamu wa afya ya akili pamoja na mhudumu wa huduma ya kwanza, bila askari. Palipo na silaha au damu, pigeni 911, namba ya dharura, mtangulize kusema kwamba huyu ni mgonjwa, kisha mwombe askari wa CIT, yaani aliyepata mafunzo ya saa 40 ya kuwakabili wagonjwa wa akili waliozidiwa, yaliyoanzia mjini Memphis mwaka 1988, baada ya polisi wa huko kumuua kijana mgonjwa aliyekuwa na kisu.

Mshauri mwenza ni nani?
Ni mtu aliyewahi kuugua akili, akapata nafuu na kufunzwa kuwasaidia wengine; baadhi ya vikosi vinavyokuja kumsaidia mgonjwa huandamana naye. Mgonjwa aliyemgomea daktari na askari huenda akamsikiliza huyu, kwa kuwa naye aliwahi kuzisikia sauti hizo.

Tukiwangoja tufanye nini?
Ondoeni visu, mtu mmoja tu aseme naye kwa sauti ya chini, na msimzingire. Mwingine awapokee askari mlangoni, mikono ikiwa wazi na mitupu, awaambie jina la mgonjwa, dawa anazotumia na kinachomtisha.

Na kama ametulia kabla hawajafika?
Msiwarudishe. Utulivu wa saa moja si kupona, na baadhi ya waliojidhuru walikuwa wametulia asubuhi ile ile.